Mwali wa Darasa la Nne

Chumba alichowekwa mwenzangu kilikuwa cha kwanza kushoto ukiingia nyumbani kwa bibi yake, Temeke. Ilikuwa zamani za Waingereza, wakati Temeke bado ni mikorosho na njia za mchanga zaidi kuliko nyumba. Kilikuwa na dirisha dogo lililofungwa na kuzibwa kwa kipande cha gunia. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, mtungi wa maji na kibatari. Mwenzangu aliingia humo akiwa mwanafunzi wa darasa la nne, mwepesi wa miguu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye barabarani wakati yeye yuko kisimani. Siku aliyoingia, sauti ile ilizimwa.

Naandika habari hizi kwa sababu mwaka huu, mvua zilipoanza, tulimzika. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Siku zote za matanga watu walimsifu kwa kazi aliyoifanya ukubwani, watoto aliowafundisha kusoma na wanawake aliowatoa woga. Yote ni kweli. Mie nilikaa kwenye mkeka nikanyamaza, maana si mtu wa kusema mbele ya watu, na elimu yangu iliishia darasa lile lile la nne. Nitaandika niliyoyaona. Nisiyoyaona nitasema sikuyaona.

Kwetu Wazaramo, msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali. Jua halimwoni, mwanamume hamwoni, na sauti yake haivuki mlango. Akiwa na neno, humnong'oneza sikioni mwanamke mkubwa aliye karibu naye, na huyo ndiye anayelitoa nje kwa niaba yake. Somo wake humfundisha mambo ya utu uzima. Anakula vizuri, ananawiri, mpaka siku ya ngoma atakapotolewa. Wengine walikaa miezi, wengine mwaka na zaidi. Ilitegemea nyumba, na mavuno, na kama yuko mchumba anayesubiri. Sisemi ubaya wa mila hii. Niliipitia mwenyewe, na yako mambo niliyofundishwa humo ambayo yamenisaidia kuliko hesabu.

Kilichomsumbua mwenzangu kilikuwa kimoja tu. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa unakuja, naye angekuwa bado ndani.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa Kinyamwezi, aliyekuja Dar es Salaam kumfuata mumewe, karani wa reli. Mwalimu mwanamke wakati ule alikuwa kitu cha kutazamwa. Wazee wa Temeke walikuja kusimama dirishani kuhakikisha kama kweli anajua hesabu. Hakuwafukuza. Aliwakaribisha, akawauliza swali lililokuwa ubaoni, nao wakakumbuka kazi zao.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Kila Alhamisi, kabla hatujaruhusiwa, kila mtoto alisimama akataja kitu kimoja asichokijua. Mwanzo tuliona haya. Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Mie najua vyote, mwalimu." Mwalimu akampa chaki. "Vizuri sana. Njoo unipumzishe, miguu inaniuma." Akaketi kwenye dawati la yule mtoto, mikono kifuani, akangoja afundishwe. Mtoto wa watu alisimama pale mbele mpaka jasho likamtiririka, nasi tukicheka mpaka tukaishiwa pumzi.

Ukishataja usichokijua, alikuuliza, "Sasa utafanyaje?"

Mie zamu yangu ilipofika nilimjibu, "Utanifundisha, mwalimu."

"Mie? Nina watoto arobaini hapa, wawili nyumbani, na baba yao ni wa tatu. Kichwa chako nitakifikia lini? Wewe ndiye unayelala nacho na kuamka nacho. Utafanyaje?"

Watu wengine walimwona mvivu. Baba yangu alisema serikali inamlipa afundishe, yeye anawauliza watoto wafanyeje. Mwenzangu ndiye aliyemwelewa kabla yetu sote. Alhamisi moja alisema hajui kugawanya kwa tarakimu mbili. Akaenda dukani kwa Mwarabu, akaomba ruhusa ya kusimama pembeni kumtazama anavyougawa mchele wa gunia kwa pishi na vibaba. Wiki iliyofuata alikuja kutuonyesha kugawanya, na mpaka leo mie nikigawanya naona mchele.

Wasichana waliofaulu mtihani ule walichukuliwa shule ya kati ya bweni, mbali na nyumbani. Katika shule yetu alikuwa hajachaguliwa hata mmoja. Tulikuwa wachache, na wengi waliwekwa ndani kabla ya siku hiyo, wakitoka wanakwenda kwa mume. Mwenzangu alitaka awe wa kwanza. Alikuwa akilisema waziwazi, kisimani na njiani, mpaka watu wakamzoea kama unavyomzoea mtu anayesema atakwenda Maka. Kisha, miezi michache kabla ya mtihani, akavunja ungo.

Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, na baba yake alikuwa mashamba ya mkonge huko Tanga, harudi. Alilelewa na bibi mzaa mama, mjane, mwanamke mrefu mwenye ulimi. Bibi huyo ndiye aliyemweka ndani, na mama yangu akawa somo wake.

Mie nilikuwa bado kuvunja ungo, kwa hiyo niliruhusiwa kuingia kumwona. Msije mkanidhania mwema. Nilikwenda zaidi kwa ajili ya chakula. Mwali alipikiwa wali wa nazi na kuku, na kwetu tulikula ugali wa muhogo na kisamvu. Siku za kwanza alinipa sahani yake nusu, akaninong'oneza, "Mwambie mwalimu aje aniombee kwa bibi."

Kesho yake nikafikisha ujumbe. Mwalimu alikuwa anakagua daftari. Akasema, "Kumtania bibi yake nitakuja, maana Mzaramo ni mtani wangu. Kumwombea siji."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Nikimwombea mie, bibi atanikatalia mie, mambo yamekwisha. Au atanikubalia mie, na kesho akinikasirikia mie, mtoto anarudi ndani. Mwambie nimempa kazi. Ajue bibi yake anataka nini. Alijue hilo kama anavyojua analolitaka yeye. Asiniambie 'anataka nikae ndani', hilo hata kuku wa uani wanalijua. Chini yake kuna nini?"

Nilibeba maneno yale kwa hasira. Niliona mwalimu kamtupa. Mwenzangu aliyasikiliza, akageukia ukutani. Siku ile hakula. Nilikula mie.

Lakini nilipokwenda tena nilimkuta amekaa kitako, na ukuta wa udongo umejaa hesabu alizoandika kwa mkaa. Aliniuliza darasani tumefundishwa nini. Nikamweleza. Akauliza kwa nini inakuwa hivyo. Sikujua. "Kamuulize," akanong'ona. Basi ikawa kazi yangu kila siku kumuuliza mwalimu kwa nini, maana nikifika bila jibu, wali haukuwa mtamu. Bibi aliuona ukuta, akashika kiuno.

"Umenichafulia nyumba, mke mwenzangu." Ndivyo mabibi walivyowaita wajukuu wao wa kike, kwa utani, kana kwamba wamegawana mume.

"Nitaukandika upya mwenyewe, bibi."

"Utaukandika kwa mikono gani, na wewe hutoki?"

"Udongo utaletwa humu ndani."

Bibi akacheka bila kutaka, akatoka.

Baada ya hapo mwenzangu alianza kuuliza. Bibi alizoea mwali anayefundishwa. Mwali anayeuliza alikuwa kitu kigeni kwake. Alasiri moja bibi alikuwa anasuka ukili mlangoni, mie nakula, mwenzangu akanong'ona kutoka kitandani.

"Bibi, wewe ulikaa ndani muda gani?"

"Mpaka babu yako alipochoka kusubiri."

"Ulitaka kutoka?"

"Nitoke niende wapi? Ulikuwa mwaka wa njaa. Nje walikula mizizi, mie humo ndani nikipewa uji. Ningeongezewa mwaka wa pili ningekubali."

"Na kama ungetoka kabla ya wakati?"

Bibi alivuta ukili, akaukaza kwa meno. "Wangemsema mama. Mama alikuwa mjane, kama mie. Nyumba ya mjane watu huitazama mlangoni. Wanahesabu nani kaingia, nani katoka. Mwali wa nyumba yenye baba akifanya kosa, wanasema mtoto kakosa. Mwali wa mjane akikosa, wanasema nyumba haina mwenyewe."

Aliposema hivyo niliacha kutafuna. Nilikuwa namjua bibi yule tangu nazaliwa, na sikuwahi kudhani kuna anachokiogopa.

Alipotoka, mwenzangu alinishika mkono. "Umesikia? Bibi hana ugomvi na shule. Anachoogopa ni watu kusema nyumba hii haina mwenyewe. Kumbe kutoka si neno. Neno ni namna ya kutoka."

Akakaa akiwaza, na mpango aliokuja nao mie nisingeuwaza hata ningepewa mwaka. Sie watoto tulishapanga kumtorosha. Tungetoboa gunia la dirishani, tungemvalisha kanzu ya kaka yangu. Yeye akasema atatoka kwa mila. Atatoka mchana, njia kubwa, amefunikwa gubigubi, somo mbele na bibi nyuma, ili kila mtu wa Temeke aone kwamba nyumba ile ina mwenyewe na mwali wake ana somo. Uso wake hautaonekana. Sauti yake haitasikika na mtu wa nje. Atafanya mtihani, atarudi ndani kwa njia ile ile, na siku ya kutolewa ikifika ataongeza mwezi mmoja, kuwa fidia ya siku ile.

Alimweleza bibi akiwa amepiga magoti, mikono miwili mapajani, macho chini. Mie na mama tulikuwepo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani kakufundisha maneno haya? Yule mbeba mizigo wa Tabora?"

"Hapana, bibi. Yeye alikataa kuja."

"Alikataa?" Bibi alimgeukia mama kama mtu aliyeibiwa. "Alikataa! Na mie matusi yake nimeshamwekea tayari!"

Mama akaziba mdomo kwa kanga. Nadhani kama mwalimu angekuja kuomba, bibi angekataa, tena kwa furaha. Sasa hakuwa na wa kumshinda. Alikuwa na mjukuu wake tu, amepiga magoti, hajakosea adabu hata moja.

"Sauti yako ikisikika na mtu wa nje," akasema mwishowe, "nakurudisha ndani na ngoma hutachezewa."

"Haitasikika, bibi."

Siku ya mtihani mie nilitangulia shule, lakini niliwaona wakija, maana shule ilikuwa kwenye kilima kidogo. Mama alikuwa mbele na kanga mpya. Nyuma yake kitu kirefu kilichofunikwa kuanzia utosini mpaka vidoleni, kinatembea polepole. Kisha bibi, kichwa juu, anatazama kila mlango kabla mlango haujamtazama. Wanawake walitoka uani na unga mikononi.

"Jamani, huyo mwali anatolewa au anaolewa?"

"Anakwenda kusoma," mama akajibu bila kusimama.

"Kusoma nini, mwali?"

"Darasa la nne!"

Mmoja akapiga kigelegele, nadhani kwa kutojua la kufanya. Wengine wakamfuata.

Mwalimu alikuwa mlangoni. Ile ndiyo mara ya kwanza namwona yeye na bibi uso kwa uso. Bibi alimtazama kichwani. "Kumbe kweli. Utosi bado bapa kwa mizigo."

"Na nyie viuno vimelegea kwa ngoma. Karibu, mtani. Nimekuwekea kiti, maana najua Mzaramo hasimami."

"Kiti cha Mnyamwezi sikalii, nitainuka nijikute nimefika Tabora." Akakikalia.

Katika kona mwalimu alikuwa ametundika mkeka kwenye kamba, na nyuma yake dawati moja. Mwenzangu akaingia huko. Tuliandika hesabu, Kiswahili, jiografia. Sikumwona, ila nilisikia kalamu yake inavyokwenda, haikai. Yangu ilikuwa inakaa sana.

Kisha mkaguzi akainuka. Alikuwa mwalimu mwanamume aliyetumwa kutoka mjini, kaptula nyeupe, soksi mpaka magotini, mtu mpole. Akasema sasa kila mtoto atasoma kwa sauti.

Nataka niseme hili sawasawa. Tulilijua. Kila mwaka watoto walisoma kwa sauti mbele ya mkaguzi, na mwalimu alitufanyisha mazoezi. Lakini katika mipango yote ile, mie, mama, bibi, na hata mwenyewe mwenzangu, hakuna aliyelikumbuka. Tulikuwa tumekaa naye miezi akinong'ona, na mnong'ono ule tukauzoea, tukauona ndiyo sauti yake. Alikuwa amejizoeza kusoma, lakini kwa kunong'ona. Tulisahau kwamba watu wengine husoma kwa kusikika.

Tulisoma sote. Mie nilisoma vibaya. Ikafika zamu ya kona ile. Mkaguzi akapeleka kitabu, mama akakipokea na kukipitisha nyuma ya mkeka.

"Soma," mkaguzi akasema.

Mkeka haukutikisika.

"Soma, mwanangu, usiogope."

Nilimtazama bibi. Alikuwa ameshika ncha ya kanga yake kwa ngumi. Nilimtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa anafuta ubao ambao ulikwisha kuwa safi. Hakugeuka. Mwenzangu akisoma, amevunja ahadi aliyoitoa kwa magoti, na nyumba ya mjane imekuwa ile wanayoisema. Asiposoma, mtihani umekwisha, na baada yake ni mume.

Ndipo nyuma ya mkeka likapigwa kofi moja dogo. Mama akainuka, kwa kuwa ni somo. Mkono ukatoka chini ya mkeka, ukamkataa, ukamwonyesha bibi. Bibi akaenda, akainama, akatia sikio. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akasimama wima kumwelekea mkaguzi.

"Anasema hivi. Kwa mila yetu, mwali akiwa na neno, hulitia sikioni mwa mkubwa wake, na mkubwa wake hulitoa. Anasema kilichoandikwa kitabuni nacho ni neno. Atalitia sikioni mwangu, nami nitalitoa. Anauliza kama utakubali."

Kisha bibi mwenyewe akashika mdomo, maana ndipo aliposikia alichokisema, kwamba yeye ndiye atakayesoma mbele ya watu.

Mkaguzi akajifuta paji la uso. "Na mie nitajuaje kama si wewe, bibi, unayejua kusoma?"

Darasa zima lilicheka, hata mama. Bibi alicheka kuliko wote. "Mie, baba? Hata wakiliandika jina langu mlangoni, nitaupita mlango."

"Basi nitachagua ukurasa mwingine, wala usikitazame kitabu."

"Nikitazame nikione nini?"

Mkaguzi akataja ukurasa. Bibi akakalia mkeka wa sakafuni, mgongo kwetu, sikio kwenye kona. Akaanza. Mwanzo alitoa neno moja moja kama mtu anayetema kokwa, kisha akapata mwendo. Kilikuwa kisa cha mfinyanzi aliyekwenda gulioni na vyungu vyake, akafika mtoni akakuta mto umejaa.

"Mfinyanzi... akajitwika vyungu... akaingia majini... Huyu naye mpumbavu."

"Bibi, hilo limeandikwa?" mkaguzi akauliza.

"Hilo langu."

"Usiongeze lako."

"Haya. Maji yakamfika kiunoni... Maji yakamfika kifuani... Chungu cha juu... kikaanza kuyumba..."

Mkaguzi alikuwa na kitabu cha pili mkononi, kidole chake kinafuata mistari. Nilikuwa dawati la mbele, nilikiona kidole kile. Hakikurudi nyuma hata mara moja. Pale palipokuwa na nukta, bibi alipumzika, kwa kuwa aliye nyuma ya mkeka alipumzika.

"Inatosha," mkaguzi akasema.

Bibi akageuka. "Inatosha vipi? Mtu yuko katikati ya maji!"

"Inatosha, bibi. Nimesikia kusoma. Nitaandika nilivyosikia, wakubwa wataamua."

Walirudi nyumbani kwa njia ile ile, vivyo hivyo, taratibu. Lakini alasiri hiyo hiyo nilimwona bibi anapanda kilima peke yake. Nikamfuata kwa mbali. Mwalimu alikuwa bado darasani.

"Mnyamwezi, nipe kile kitabu."

"Cha nini, Mzaramo, na hujui kusoma?"

"Ninaye wa kunisomea. Wewe unaye nani? Karani wako anakusomea?"

Mwalimu alicheka mpaka akajishika meza. Akampa. Bibi akakichukua kwa mikono miwili, akakifunga ndani ya kanga kama mtu aliyepewa mayai. Tangu hapo, kila alasiri, bibi alikaa kitandani kwa mwali na sikio lake karibu. Mfinyanzi alivuka, nawaambia msisumbuke kama bibi. Alipoteza vyungu vyote ila kimoja.

Majibu aliyaleta mwalimu mwenyewe. Mie sikuchaguliwa. Nililia kidogo, ila nilijua kalamu yangu ilivyokuwa inakaa. Mwenzangu alichaguliwa. Bibi alikaa chini uani, akasema bila kutazama mtu, "Basi ule mwezi wa fidia nimekusamehe, mke mwenzangu. Shule itafunguliwa wewe bado ndani."

Mwenzangu akamnong'oneza mama, na mama akatoka kutoa jibu. Alisema mwali haukubali msamaha ule. Mwezi aliuahidi yeye, na Temeke nzima imesikia. Akiuvunja, msichana mwingine akija kuomba kama alivyoomba yeye, ataambiwa, mwali wa pale kwa mjane naye aliahidi.

Wakati ule nilimwona mjinga. Aliyoyataka ameshayapata, sasa anayaweka tena rehani. Kulipokucha nilitumwa kwa mwalimu na ombi kwa mara ya pili. Ujumbe ulikuwa mfupi. Bibi ameshakubali, mwali atakaa mwezi wake, lakini shule ya kati hawezi kuifikia kwa miguu yake wala kwa sauti yake. Anamwomba mwalimu aende akamsemee achelewe kuingia.

Nilidhani atakataa tena. Mwalimu alikuwa ameshasimama kabla sijamaliza. "Hili nitakwenda," akasema. "Hili kweli halifikii." Akaenda siku ile ile, na viatu vyake vya kanisani. Waliyosemezana huko sikuyasikia. Alirudi na jibu kwamba watampokea, na masomo yaliyompita atayafuata mwenyewe, hakuna atakayemngojea. Mwenzangu alipoambiwa hivyo aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeelezwa bei aliyokwisha kuijua.

Alikaa mwezi wake. Akatolewa kwa ngoma kubwa, akabebwa mabegani, na aliposimama mbele ya watu akamwamkia bibi yake shikamoo kwa sauti, wengi wetu tulishtuka. Ilikuwa imeshuka, imekuwa nzito kidogo, na aliitumia polepole, kama kitu chake mwenyewe. Siku chache baadaye aliondoka na sanduku la bati. Hatukulia, kwa kuwa bibi alikataza.

Mie nilidhani safari zangu za pale nyumbani zimekwisha, na wali wake. Lakini alasiri moja bibi aliniita nikiwa napita na ndoo. Alikuwa amekaa kwenye kile kitanda cha kamba, gunia la dirishani limeondolewa, kitabu kimewekwa mapajani. Ukuta ulikuwa umekandikwa upya.

"Njoo usome."

"Nasoma vibaya, bibi. Sikufaulu."

"Najua. Nilikusikia siku ile. Ulisoma kama mbuzi anayeshuka ngazi."

Nikaketi. Nikasoma, nikakwama, akangoja. Nikamwambia neno hili silijui.

"Sasa?" akaniuliza.

Nikaliangalia tena lile neno. Nililipata baadaye, si siku ile. Tuliendelea hivyo, kurasa chache kila alasiri, bila wali, maana hapakuwa na mwali tena. Kusoma kwangu niliko nako leo kulipatikana pale zaidi ya darasani. Tulisoma mpaka zamu yangu ya kuwekwa ndani ilipofika. Siku ya pili tu nilisikia mama anabishana na mtu ukumbini, kisha pazia likainuliwa, na bibi yule mrefu akaingia na kitabu ndani ya kanga, akaketi kando yangu, akaniwekea sikio.